Mchoro wa Bonde la Ruzizi

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa kuingia shule ya wauguzi, niliangushwa na samaki ambaye sijamwona kwa macho mpaka leo. Kwa Kifaransa anaitwa broshe. Anaishi katika mabwawa ya Ulaya, ana mdomo mpana kama wa bata, na kazi yake ni kuwameza samaki wadogo. Hayo tu ndiyo ninayoyajua kumhusu, na yananitosha.

Samaki hana kosa. Wenye kosa ninawajua, na umri nilio nao sasa haujanipunguzia hasira hata chembe. Watu huniambia, mama, mambo ya zamani uyaache. Mimi huwauliza, niyaache nimwachie nani?

Kwetu ni Runingu, katika bonde la Ruzizi. Baba alilima mihogo, mahindi na pamba. Pamba hakuipenda, lakini enzi za Wabelgiji pamba haikuwa hiari: shamba lako lisipokuwa na pamba, mgongo wako ulikuwa na viboko. Mama alikwenda Uvira kununua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa wanaovuliwa kwa taa, akawaanika vizuri na kuwauza Luvungi siku ya soko. Kwa hiyo tangu utoto nilijua kwamba mwezi ukiwa mpevu ndagala huwa haba, kwa sababu hawafuati taa. Nilijua kwamba mto ukifurika, mwaka unaofuata mahindi hustawi. Hakuna aliyeniambia kwamba hayo ni elimu.

Shule yangu ilikuwa ya misheni, Uvira mjini. Masista hawakuwa na mwalimu wa sayansi, kwa hiyo sisi wasichana wanne tuliotaka kuendelea tulihamishiwa upande wa mapadri, tukawekwa dawati la nyuma katika darasa la wavulana. Mwaka wa uhuru, mwalimu wetu wa biolojia, Mbelgiji, alifunga sanduku lake asubuhi moja akavuka mpaka kwenda Usumbura, Burundi. Hakutuaga. Alituachia kitabu chake.

Tukaambiwa nchi sasa ni yetu. Bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika, kitabu kikabaki kilekile. Sura ya mwisho ilikuwa na neno jipya hata kwa waalimu wenyewe: ekosistemi. Chini ya neno hilo palikuwa na picha ya bwawa dogo lililozungukwa na miti ambayo majani yake huanguka yote wakati wa baridi kali. Mshale mmoja ulitoka kwenye majani ya majini kwenda kwa konokono, mwingine kwa samaki mdogo, mwingine kwa broshe. Tuliikariri picha ile kama sala ya Baba Yetu. Dirisha la darasa lilikuwa wazi, na kupitia dirisha hilo tuliona ziwa Tanganyika lote, mpaka milima ya ng'ambo. Mwalimu wa muda aliyekuwa akitukaririsha alilipa mgongo ziwa hilo, akagonga picha ya bwawa kwa fimbo.

Nilikwenda Bukavu kufanya mtihani wangu wa kwanza nikiwa na gauni moja la heshima na viatu vya kuazima. Tulianza kwa kuandika, kisha tukaitwa mmoja mmoja kujibu kwa mdomo. Mtahini alikuwa Mzungu aliyebaki nchini, mtu mnene mwenye soksi nyeupe zilizofika magotini.

Akaniuliza, "Nieleze mlolongo wa chakula katika maji matamu."

Bwawa nililijua kwa moyo. Lakini swali halikusema bwawa. Lilisema maji matamu, na maji matamu ninayoyajua mimi ni yale ninayoyanywa. Nikajibu kwa Kifaransa changu safi kwamba kuna vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaliwa na wadudu wadogo wa majini, wadudu wanaliwa na ndagala, ndagala wanaliwa na mukeke na sangala, na sisi tunawala wote.

"Ndagala ni nini?"

"Ni samaki, Bwana."

"Jina lake la kweli?"

"Ndilo hilo, Bwana."

Akafunua kitabu kilichokuwa mbele yake, kitabu kilekile. "Nionyeshe yuko ukurasa gani."

"Kitabuni hayumo, Bwana. Yumo ziwani."

Wavulana waliokuwa wakisubiri mlangoni wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Binti, hapa tunapima masomo. Hatupimi habari za sokoni." Akaandika kitu kifupi kwenye karatasi yake, na kabla sijafika mlangoni nilijua nimeanguka.

Baba hakunigombeza. Nilimkuta akinoa jembe nyuma ya nyumba, akaendelea kunoa huku nikimsimulia.

"Uliwaambia kweli?"

"Niliwaambia kweli, baba."

"Na wakaikataa?"

"Wakaikataa."

"Basi hawakuuliza ili wajue. Rudi shule. Weye hautaolewa kwa sababu ya mjinga mmoja."

Nikarudi. Na mwaka huo ndipo alipokuja mwalimu ambaye kwa sababu yake naandika haya.

Alikuwa kijana wa Luvungi, hajafika miaka thelathini, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza ili tumsikie. Chuo kikuu hakukiona. Alikuwa amefanya kazi miaka sita kama msaidizi wa wataalamu wa Kizungu waliokuwa wakipima maji ya ziwa. Yeye ndiye aliyepiga makasia, akateremsha chupa kilindini, akasoma kipimajoto, akaandika tarakimu. Wao waliandika ripoti. Siku moja alituletea ripoti moja darasani, akaturuhusu tuipitishe mkono kwa mkono. Jina lake halikuwemo hata kwa herufi ndogo. Alitaka tuone tu.

Juma la kwanza alitazama picha ya bwawa, akakifunga kitabu. "Hili mtalisoma kwa ajili ya mtihani," akasema. "Jumamosi mtasoma kwa ajili yenu."

Jumamosi ilipofika alitutoa mjini, tukatembea ufukoni kuelekea kaskazini hadi karibu na mahali Ruzizi inapoingia ziwani, penye matete marefu kuliko mtu. Viboko walikuwa wamejazana majini. Mmoja alinyanyua mkia akatawanya kinyesi chake pande zote kama mtu anayepanda mbegu kwa hasira, na wasichana tukaziba pua.

"Msizibe pua," mwalimu akasema. "Kile ni chakula. Nani anakula?"

"Inzi," mvulana mmoja akasema.

"Majini, nasema."

Akanigeukia. "Weye ambaye mama yako anauza ndagala. Chakula cha ndagala kinatoka wapi?"

"Ziwani, mwalimu."

"Na ziwa linakitoa wapi?"

Akatutembeza kwa maswali mpaka jua likawa kali. Kiboko anakula majani ya bondeni, anakwenda kuyaacha majini. Mvua ya milimani inaosha udongo na mavi ya ng'ombe, vijito vinavipeleka mtoni, mto unavipeleka ziwani, vimea visivyoonekana vinashiba, na ndagala anashiba kwao. Akasema kwamba ng'ombe wa Mulenge, kule juu kwenye baridi, wanamlisha samaki ambaye hawatamwona kamwe.

"Ekosistemi si picha," akasema. "Ni kujua kwamba huyu akifa, ni nani mwingine atalala njaa."

Nilihisi kama mtu aliyekuwa akisikia watu wanazungumza chumba cha pili maisha yake yote, kisha mlango ukafunguliwa. Na papo hapo nikakasirika. Nilikasirika kwa sababu baba alijua nusu ya mambo hayo na mama alijua nusu nyingine, na mimi nilikuwa nimekwenda Bukavu nikaambiwa ni habari za sokoni.

Nikaanza kuchora. Katika kaye yangu, yaani daftari langu la shule, katikati, nilifungua kurasa mbili. Juu kabisa nilichora milima ya Mulenge na ng'ombe wake. Chini yake nikachora bonde, na Runingu, na mashamba. Kuna mfugaji wa kule juu aliyekuwa akishusha ng'ombe wake kwetu kila kiangazi baada ya mavuno. Walikula mabua ya mahindi ya baba, wakatuachia mbolea na maziwa, na yeye na baba walikuwa wakikaa jioni wakisemezana kwa lugha mbili bila shida. Nikamchora naye. Kisha mto, matete, viboko, ziwa, ndagala, mukeke, ndege mnandi, mtumbwi na taa yake, soko la Luvungi. Na kati ya vyote hivyo nikaweka mishale, ya kushuka na ya kupanda. Mwalimu aliutazama mchoro. Akasema tu, "Umesahau mbu." Nikamwongeza mbu, na mshale kutoka kwake kwenda kwa mtoto.

Kisha uasi ukafika bondeni.

Sitasimulia vita. Waliovipigana wana midomo yao. Nitasema nilichokiona kwa sababu nilikuwa na mchoro mkononi. Waasi walikuja na mikuki na maji yao ya dawa ya kuzuia risasi, wakisema uhuru wa kwanza ulikuwa wa uongo. Juu ya hilo hawakukosea. Askari wa serikali wakaja na bunduki. Kila upande ulichukua mbuzi wetu. Watu wa vijiji vya bondeni wakapanda milimani kujificha, nasi tukahamia Uvira kwa shangazi. Halafu ikatoka amri: taa marufuku ziwani, wasije waasi wakavushwa kwa kisingizio cha uvuvi. Mtumbwi wenye taa ungepigwa risasi.

Bila taa hakuna ndagala. Mtu yeyote wa ufukoni angeweza kuwaambia. Hawakuuliza. Soko la Uvira likabaki na mihogo mitupu, na mama akakaa kibarazani mikono mapajani. Baada ya miezi michache nilianza kuwaona watoto wenye nywele zilizogeuka rangi ya kutu na miguu iliyovimba. Mwalimu alinionyesha mmoja mlangoni pa kanisa, akaniambia kwa sauti yake ya chini, "Huyu yuko kwenye mchoro wako. Mtafute."

Nilimtafuta. Alikuwa mwisho wa mshale uliotoka kwenye taa. Nikachukua penseli nyekundu nikaukata mshale ule.

Baada ya hapo nilikata mingi. Wenye bunduki walipiga viboko risasi wakale nyama, mizoga ikaoza kwenye matete. Kiangazi kikaja, mfugaji wa baba hakushuka. Barabara za milimani zilikuwa zimeanza kuwa za kuulizana kabila, na mtu mwenye akili alibaki kwake. Mabua ya mahindi yakasimama shambani yakakauka bila wa kuyala, na shamba likaota magugu ya urefu wa mtoto. Baba alirudi mara moja kutazama, akaja akasema, "Udongo umekasirika." Mimi nikakata mshale. Somo lile la ekosistemi nililielewa kweli wakati lilipokuwa likivunjwa mbele yangu na watu wasiojua wanavunja nini, na wasiojali.

Tangazo la mtihani likaja katikati ya hayo yote. Utafanyika Bukavu kama kawaida. Kama kawaida! Wavulana wengi walikuwa wametawanyika. Wasichana watatu wa dawati langu walikuwa wameolewa au wamekimbilia Burundi. Nikabaki mimi. Mwalimu akamwambia baba kwamba atanisindikiza mwenyewe, kwa kuwa barabara inapita kwao Luvungi na anaifahamu.

Siku moja kabla ya safari aliniita. "Kaye yako ya mchoro uiache kwa mama yako. Kichwa chako kinatosha. Barabara si nzuri."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

Nikaitia kaye ndani ya mfuko wangu wa safari, chini ya gauni. Nilitaka kuipitia mara ya mwisho. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine bora ya kujitetea.

Tulipanda lori la mfanyabiashara wa chumvi. Tulipofika Luvungi lilisimama kupoza injini, na mke wa mwalimu akaja kutusalimu. Alikuwa mama mrefu, mjamzito wa mtoto wa kwanza. Alinipa mahindi ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye jani la mgomba. "Ule vizuri," akaniambia, "njaa haifanyi mtihani." Akamrekebisha mumewe ukosi wa shati, lori likaondoka.

Kizuizi kilikuwa mbele kidogo tu ya Luvungi. Gogo barabarani, askari sita. Wakatushusha, wakamwaga mizigo yetu mavumbini. Mmoja akaokota kaye yangu, akaipekua kwa kidole, akafika katikati. Akasimama. Akamwita mkubwa wake.

Mkubwa yule akaufungua mchoro juu ya boneti ya lori. Aliona milima. Aliona bonde na vijiji vyenye majina. Aliona mto, matete, mitumbwi. Aliona mishale inashuka kutoka milimani kuja bondeni mpaka ziwani, na mingine imekatwa kwa wekundu.

"Hii kaye iko ya nani?"

Nilifungua mdomo. Sauti ya mwalimu ikatangulia. "Ni yangu."

"Hii mishale inakwenda wapi?"

"Ni somo la biolojia. Inaonyesha nani anakula nani."

"Nani anakula nani," askari akarudia, akawatazama wenzake. "Kutoka Mulenge mpaka ziwani. Na huu mwekundu? Hapa ndipo mmekata barabara?"

"Ni chakula kilichokatika, afande. Taa zilipokatazwa ndagala wakakosekana, watoto wanaugua..."

"Kumbe unalaumu amri."

"Ninaeleza somo."

"Weye ni mwalimu wa waasi."

Alimpiga kofi, miwani ikaanguka. Mwalimu alikuwa amenitazama mara moja tu, na macho yake yalisema wazi: nyamaza. Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza. Maandishi yalikuwa yangu, mwandiko wa duara wa masista ambao kipofu angeujua ni wa msichana, na hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyeujua, kwa sababu haikuwapitia akilini kwamba msichana anaweza kuchora milima na mto na mishale. Dharau yao iliniokoa mimi ikamwangamiza yeye. Wakamfunga mikono kwa kamba ya mizigo. Dereva akasukumwa kwenye usukani, akaambiwa aondoe lori. Niliondoka nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi, na mahindi ya mke wake bado yana moto mapajani mwangu.

Siku ya pili yake nilikaa katika ukumbi wa mtihani. Hata wangetishia kunipiga risasi ningekwenda, kwa sababu kama nisingekwenda basi alikamatwa bure. Swali la nne lilisema: *Elezea ekosistemi ya bwawa, ukitaja viumbe vyake na uhusiano wao.*

Niliikandamiza kalamu kwa hasira hata nikachana karatasi ya kwanza, nikaomba nyingine. Niliandika kuhusu majani ya majini. Niliandika konokono. Niliandika samaki mdogo, na broshe anayemmeza, na miti inayopukutisha majani majira ya baridi, na majani hayo yanayooza chini ya barafu. Nilichora bwawa na mishale minne, safi, kwa rula. Sikutaja ndagala hata mara moja. Niliandika kila uongo waliotaka, bila kosa moja la tahajia.

Nikafaulu. Jina langu lilikuwa la tatu kwenye orodha.

Niliporudi Uvira nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, mtu wetu mweusi aliyekuwa amepewa kiti cha padri. Nilimweleza kila kitu. Nilimwambia kaye ni yangu, nitaandika hivyo na kutia sahihi. Nilimwomba barua moja tu, yenye muhuri, isemayo kwamba ekosistemi ni somo lililo katika mpango wa masomo na kwamba mtu yule ni mwalimu wake.

Alifunga mlango wa ofisi. "Unataka niandikie jeshi?"

"Ndiyo."

"Ili waje waniulize kwa nini shule yangu inafundisha ramani za uasi?"

"Si ramani. Wewe unajua si ramani."

"Nikijua mimi inasaidia nini?" Akakung'uta vumbi kwenye kitabu cha biolojia kilichokuwa mezani, kile chenye bwawa. "Nilimwambia afuate kitabu. Hakufuata. Umefaulu, binti. Nenda Bukavu, ushukuru Mungu, na hiyo habari ya kaye usimwambie mtu."

Nilimwita mwoga. Nililisema neno hilo kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kifuliiru cha kwetu, ili asije akasema hakulielewa. Akanitoa nje. Lakini nakiri, nilipofika nje sikwenda kambini kwa askari. Ningeweza kwenda. Nilikwenda kwa shangazi, nikafunga sanduku.

Mwalimu alikaa kifungoni mwaka mzima na miezi kadhaa. Hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote. Waasi walipokwisha kusukumwa milimani, wakafungua milango wakamwambia aende, kama mtu anayefungulia mbuzi. Habari hizo zilinifikia bwenini Bukavu kwa mdomo wa mwanamke aliyeuza vitunguu. Likizo iliyofuata nilishuka na lori mpaka Luvungi.

Mke wake ndiye aliyenifungulia, mtoto kiunoni. Alinifahamu. "Weye ule wa mahindi," akasema, akanikaribisha vizuri, na ukarimu wake ukaniuma kuliko tusi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika blanketi mchana wa jua kali. Alikohoa kabla ya kunisalimu na akakohoa baada ya kunisalimu.

Sikukaa. Nikasema nikiwa nimesimama, "Mama, ile kaye ilikuwa yangu. Mchoro niliuchora mimi. Aliniambia niuache nyumbani, nikaubeba."

Mama yule akamgeukia mumewe. Alikuwa hajamwambia. Mwaka na zaidi, na baada ya kurudi pia, alikuwa hajamwambia.

"Kweli?" akamuuliza.

Mwalimu akainamisha kichwa.

Mama akamweka mtoto chini taratibu. Kisha akanigeukia. "Mimi nilijifungua peke yangu nikimlaani huyu. Kila siku. Nilisema, mwanamume gani anachora michoro ya ujinga wakati wa vita, mke wake ana mimba? Nilimlaani mpaka nikachoka. Na weye ulikuwa wapi?"

"Shule, mama."

"Shule." Akalitema neno hilo. "Ulikula mahindi yangu?"

"Niliyala."

"Wote hawa wametukosea, askari, waasi, mkubwa wenu wa shule. Hao siwezi kuwafikia. Weye umekuja mwenyewe mpaka mlangoni."

Nilisubiri anipige. Ningekubali. Mwalimu akaanza kusema, "Mwache, alikuwa mtoto," kikohozi kikamkata, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alipoinua kitambaa mdomoni nikaona damu.

Mama aliona kwamba nimeiona. Sauti yake ikabadilika, lakini haikulainika. "Huko Bukavu wanakufundisha nini?"

"Uuguzi."

"Basi usisimame pale kama mgeni. Msikilize kifua."

Sikuwa na kifaa. Nikapiga magoti, nikaweka sikio mgongoni kwa mwalimu wangu, juu ya mbavu ambazo ningeweza kuzihesabu, nikamwambia avute pumzi. Nilikuwa mwaka wa pili. Nilisikia sauti ambayo tulikuwa tumefundishwa mwezi uliopita, na nilijua jina lake, na nilijua dawa yake ipo.

Kesho yake tulipanda lori wote wanne, mtoto akiwemo. Hospitalini Bukavu karani wa mapokezi hakuinua kichwa. Alisema vitanda vya kifua kikuu vimejaa, warudi mwezi ujao. Nikamwambia hatarudi mtu. Akasema arudishwe kwao wampe maziwa. Hapo nilipiga meza kwa kiganja hata wino ukaruka, na nikasema kwa sauti ambayo korido nzima ilisikia kwamba mtu huyu alipima ziwa Tanganyika miaka sita, na akafundisha, na akafungwa kwa kosa la mwingine, na kwamba leo atalala hapa, kitandani au juu ya meza hii ya karani, achague mwenyewe.

"Weye ni nani wake?" karani akauliza, sasa kichwa kimeinuka.

"Mwanafunzi wake."

Daktari alitoka kuangalia kelele. Akampa godoro verandani, na baada ya siku tisa kitanda ndani. Alitibiwa mwaka mmoja, akapona, ingawa pafu moja halikurudi kama zamani. Mkuu wa shule alisema nafasi imekwisha kupata mtu mwingine, na kweli ilikuwa imepata, kwa hiyo mwalimu alilima mpunga Luvungi mpaka uzeeni. Mke wake alinisalimu kila tulipoonana, na hakuwahi tena kunipa chakula.

Mimi siku ile ya hospitali, ambayo ilikuwa ya mwisho ya likizo, nilichelewa bwenini, nikaadhibiwa kusugua vyoo juma zima. Niliwekewa ndoo, brashi na dawa ya kuua vijidudu. Sikumwambia msimamizi nilikuwa wapi, kwa kuwa tangu siku ya kizuizi nilikuwa nadaiwa adhabu. Niliinama nikasugua kwa nguvu zote mpaka brashi ikapoteza nywele, nikaenda kudai nyingine.